Kuzamia kwenye Matumbawe: Mwongozo kwa Wakazi wa Homa Bay na Migori

Kuzamia kwa mtungi ni kushuka chini ya maji huku mtu akipumua hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi wa chuma au alumini alioubeba mgongoni. Kifaa kinachoitoa hewa hiyo kwa kiasi kinacholingana na kina kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Kabla yake, wengi waliotaka kuuona mwamba wa matumbawe walikuwa na muda wa pumzi moja tu. Leo mwanafunzi aliyefunzwa kwa siku nne anaweza kukaa huko dakika 40 na kurudi juu salama.

Mkazi wa Homa Bay au Migori amekulia kando ya maji, lakini maji hayo hayana matumbawe. Matumbawe yanayojenga miamba hutaka maji ya chumvi, yenye joto na yanayopenywa na jua, na Ziwa Viktoria ni maji matamu. Mwamba ulio karibu uko Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 600 kwa mstari ulionyooka kutoka mji wa Migori. Mwongozo huu unaifuata safari hiyo tangu maandalizi ya nyumbani hadi kurudi. Kurudi kumewekwa humu kwa makusudi, kwani kwa mtu wa ziwani safari ya kurudi ni sehemu ya mbizi: kutoka pwani hadi ziwani ni kupanda, na mwili uliotoka kuzama haupandishwi kabla ya kupumzishwa.

Ziwa na bahari

Uzoefu wa ziwani unasaidia, ila si wote unaofaa baharini. Tofauti nne ni za kujua mapema.

Ya kwanza ni chumvi. Lita moja ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo 1, na lita ya maji ya bahari ina takribani kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo hutosha kumfanya mtu aelee zaidi. Mzamiaji ambaye mwili na vifaa vyake kwa pamoja ni kilo 90 atahitaji takribani kilo 2 zaidi za risasi kiunoni ili azame baharini kuliko angezihitaji Mbita au Sori.

Ya pili ni kupwa na kujaa. Ziwani maji hayapandi na kushuka kwa saa zinazojulikana. Mombasa, wakati wa bamvu, bahari hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, mara mbili kwa siku. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole. Mvuvi wa omena wa Mfangano, Remba au Muhuru Bay tayari anauhesabu mwezi, kwa sababu taa zake huvuta omena vizuri zaidi usiku wa giza. Baharini hesabu hiyohiyo humwambia mtu nguvu ya mkondo atakaokutana nao.

Ya tatu ni uwazi wa maji. Ndani ya Ghuba ya Winam, kwenye matope na gugumaji, mkono ulionyooshwa unaweza kutoonekana. Nje ya mwamba wa pwani, katika siku njema za kaskazi, msimu wa bahari tulivu, mtu huona mita 20 na zaidi. Uwazi huo una udanganyifu wake. Chini ya maji vitu huonekana vikubwa na vya karibu kuliko vilivyo, na sakafu iliyo mita 25 chini huonekana kama ya kufikiwa mara moja. Mgeni hushuka bila kujua ameshuka. Kina husomwa kwenye kipimo, hakikadiriwi kwa macho.

Ya nne ni viumbe. Ziwani hatari zinazojulikana ni kichocho, kiboko na mamba. Konokono wanaoeneza kichocho hawaishi kwenye maji ya chumvi. Baharini majeraha mengi hutokana na mkono au mguu uliowekwa mahali pasipofaa: juu ya mnyama wa miiba myeusi mirefu anayejificha mianyani, juu ya samaki-jiwe asiyetofautiana na mwamba, au ndani ya tundu la samaki aitwaye mkunga. Asiyegusa kitu huepuka karibu yote haya.

Mwamba wa matumbawe ni nini

Tumbawe hufanana na jiwe, na wengine hulidhania mmea. Kumbe ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana. Kila mmoja ni kifuko laini, mara nyingi si kikubwa kuliko punje ya mtama, chenye mdomo mmoja uliozungukwa na vijimkono. Chini yake hujijengea kikombe cha chokaa. Wanyama hufa, vikombe hubaki, wengine hujenga juu yake, na baada ya maelfu ya miaka huwa mwamba. Ndani ya mwili wa kila mnyama huishi mwani wa chembe moja unaotumia mwanga wa jua kumtengenezea chakula, na mwani huo ndio unaompa rangi yake. Ndiyo maana mwamba wa namna hii wenye uhai haupatikani gizani wala kwenye maji ya matope.

Mwamba wa pwani ya Kenya huandamana na ufuo kutoka Malindi hadi Shimoni, takribani kilomita 200, ukikatizwa na hori na milango ya kupitia maji. Kaskazini ya Malindi hupungua, kwa kuwa Mto Sabaki na Mto Tana humwaga maji matamu na udongo. Aliyeuona Mto Kuja ukiingia ziwani na rangi ya udongo wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi: udongo huo ukitua juu ya matumbawe, huyafunika na kuyanyima jua.

Ukuaji wake ni wa taratibu mno. Matumbawe yenye matawi yanaweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, yaliyo kama vichwa vikubwa, hukua kwa takribani sentimita 1 au pungufu. Kichwa cha tumbawe chenye kimo cha mita 2 kinaweza kuwa na umri wa miaka 200. Joto la bahari likizidi kwa wiki kadhaa, mnyama huutoa mwani mwilini mwake na kubaki mweupe; joto lisiposhuka, hufa. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi, Kenya ikiwamo. Mwamba unaoonekana leo ni ule uliosalimika pamoja na uliozaliwa upya, na kwa hiyo kila mgeni anaingia katika nyumba inayojengwa upya.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi viumbe wa hapo wanavyotegemeana. Msemo wa kulala usingizi wa pono unajulikana hata kwa watu wasiowahi kumwona samaki huyo. Mwambani mchana hana hata chembe ya usingizi. Ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na mzamiaji aliyetulia humsikia kabla ya kumwona: kwaruzo kavu, kama mtu anayetafuna bisi, kila anapoguguna mwamba kutafuta mwani. Chokaa anayoimeza huisaga na kuitoa ikiwa mchanga mweupe. Pono wakiisha kwa kuvuliwa, mwani hutanda na kuyasonga matumbawe machanga. Watu wa ziwani wana somo kama hilo nyumbani: sangara, ambaye wengi humwita mbuta, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu zikatoweka baada yake. Kiumbe mmoja akiongezwa au akiondolewa, wengi hutikisika.

Anayefaa kuzamia

Umri wa chini katika mashirika mengi ya mafunzo ni miaka 10, na watoto huwekewa mipaka ya kina. Mwanafunzi hutakiwa aogelee mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila msaada. Kukulia ufuoni si ushahidi kwamba mtu anajua kuogelea. Wapo wavuvi wengi wasiojua. Ni vyema kujifunza miezi kadhaa kabla ya safari, katika bwawa safi badala ya ufuo wa ziwa wenye majani na konokono.

Afya huangaliwa kabla ya pesa kulipwa. Mwanafunzi hujaza fomu ya maswali, na jibu moja la ndiyo humpeleka kwa daktari. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa kifua na kisukari ni mambo ya kutajwa bila kuficha. Mjamzito hazamii. Kwa watu wa ukanda wa ziwa swali moja zaidi ni la lazima: selimundu. Ugonjwa huu umeenea katika kaunti za Nyanza, nao huhusu damu na oksijeni, mambo mawili ambayo kuzamia huyagusa moja kwa moja. Mwenye selimundu, na hata asiyejua hali yake akiwa na ndugu wanaougua, apimwe na kushauriwa na daktari kwanza. Aliyetoka kuugua malaria angoje mpaka nguvu zirudi. Mwenye mafua aahirishe, kwa sababu masikio yaliyoziba hayahimili shinikizo la maji.

Mafunzo na cheti

Njia ni mbili. Ya kwanza ni mbizi ya majaribio: mgeni hufundishwa misingi kwa saa chache, kisha hushuka akiwa ameshikiliwa au kuongozwa na mwalimu, bila kupita mita 12. Inafaa kwa anayetaka kujua kama jambo hili linampendeza. Ya pili ni kozi ya cheti cha kwanza, ambayo huchukua siku tatu hadi nne: nadharia, mazoezi bwawani au kwenye maji tulivu ya kina kifupi, kisha mbizi nne baharini. Mwenye cheti hicho huruhusiwa kufika mita 18 akiwa na mwenzake. Kozi inayofuata humfikisha mita 30. Mpaka wa burudani kwa jumla ni mita 40.

Mashirika makubwa yanayotoa vyeti ni CMAS, lililoanzishwa 1959, PADI, la 1966, na SSI, la 1970. Vyeti vyao hutambuliwa kwingi duniani, kwa hiyo jina la shirika lina uzito mdogo kuliko ubora wa kituo. Kituo kizuri hakichukizwi na mteja anayeuliza. Maswali ya kuuliza ni haya: Mwalimu ana cheti halali cha mwaka huu? Boti ina oksijeni, redio na sanduku la huduma ya kwanza? Mitungi ilipimwa lini? Tarehe hupigwa muhuri begani mwa mtungi. Mwalimu mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi majini? Chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kiko wapi, na mgonjwa hufikishwaje? Kituo kinachojibu kwa kukwepa kiachwe.

Nadharia husomeka ukiwa nyumbani kwa simu au kompyuta. Mtu wa Homa Bay au Migori akiimaliza kabla ya kusafiri huokoa siku moja ya malazi pwani.

Vifaa

Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua. Hujaribiwa dukani kwa kuibandika usoni bila mkanda na kuvuta pumzi kwa pua: ikishika bila kuanguka, inamfaa mwenyewe. Regyuleta huupunguza msukumo wa hewa ya mtungini mpaka upumulike. Kila seti ina mdomo wa akiba kwa ajili ya mwenza aliyeishiwa. Jaketi la kuelea hutiwa au kutolewa hewa kwa vitufe. Mkanda wa risasi humsaidia mtu kuzama. Mapezi ya miguu humsukuma. Suti ya kuzamia huhifadhi joto, kwa kuwa hata maji ya nyuzi 27 hupoza mwili taratibu, na pia hukinga ngozi. Geji huonyesha hewa iliyobaki, na kompyuta ya mkononi huonyesha kina, muda na kasi ya kupanda.

Anayeanza hana haja ya kununua vyote, vituo hukodisha. Cha kwanza kununua ni miwani, kwa sababu uso wa kila mtu una umbo lake.

Hewa ya mtungini haina harufu wala ladha. Ikinukia mafuta au moshi, mtungi urudishwe.

Shinikizo, hewa na muda

Sheria moja ya fizikia hutawala kila kitu katika kuzamia. Usawa wa bahari mwili hubebeshwa uzito wa hewa, unaohesabiwa kuwa 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kiasi kama hicho: mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Hewa hujikunja kwa kadiri hiyo. Puto lililojazwa juu hubaki nusu kwenye mita 10 na robo kwenye mita 30. Likijazwa kwenye mita 10 na kuachwa lipande, hufika juu likiwa mara mbili.

Mapafu ni puto la namna hiyo. Kutoka hapo hutokea kanuni ya kwanza kuliko zote: mzamiaji asizuie pumzi hata mara moja. Mtu anayepanda akiwa amefunga pumzi anaweza kupasua mapafu katika kina kisichozidi kimo chake mwenyewe, hata bwawani.

Masikio nayo hutaka kusawazishwa. Mtu huibana pua na kupuliza polepole hadi asikie mlio mdogo masikioni, na hurudia kila mita moja, kabla ya maumivu. Maumivu yakija, hupanda kidogo na kujaribu tena. Hakuna mbizi inayostahili kulazimisha sikio.

Hewa huisha haraka zaidi kadiri mtu anavyoshuka. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi kipimo cha baa 200 una lita 2,400 za hewa ya kawaida. Anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao dakika 120 juu ya maji, 60 kwenye mita 10, 40 kwenye mita 20 na 30 kwenye mita 30. Hizo ni hesabu za kuumaliza mtungi wote, jambo lisilofanywa: mzamiaji hufika juu akiwa na baa 50 za akiba.

Jambo la mwisho ni naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa. Chini ya shinikizo huyeyuka ndani ya damu na misuli. Mtu akipanda taratibu, hutoka kupitia mapafu bila madhara. Akipanda kwa haraka, hutengeneza mapovu mwilini, kama soda inayofunguliwa ghafla. Kwa hiyo kupanda huwa kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na mzamiaji husimama mita 5 chini ya uso kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Msimu

Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ndio msimu bora: bahari hutulia, maji huwa safi na ya vuguvugu. Kusi, kati ya Aprili na Septemba, huleta mawimbi, mvua na maji ya matope. Vituo vingine hufungwa kati ya Mei na Julai. Oktoba upepo hulegea na maji huanza kusafika. Kisiwani Mafia, Tanzania, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari.

Ndani ya msimu huchaguliwa siku. Anayeanza hufaidika na maji mafu. Wakati wa bamvu mkondo wa milangoni unaweza kumshinda hata muogeleaji hodari.

Mahali

Watamu na Malindi zilitangazwa hifadhi za taifa za bahari mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza Afrika. Bustani za matumbawe za Watamu ni za kina kifupi na zinafaa kwa mbizi za kwanza. Mombasa ina hifadhi yake tangu 1986, na mbele ya Bamburi imelala meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki. Iko karibu mita 30 chini, hivyo ni ya wenye cheti cha pili. Kusini, kutoka Shimoni, boti hupita Kisiwa cha Wasini hadi Hifadhi ya Kisite-Mpunguti, yenye pomboo, kasa na makundi makubwa ya samaki. Hifadhi hizi husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, nalo hutoza ada ya kuingia.

Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, ni pa kutazamwa na mtu wa ziwani kwa jicho la pekee. Hapo wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya mwamba kati ya 2003 na 2005 na kuacha kuvua ndani yake. Eneo kama hilo huitwa tengefu. Mwaka 2017 juhudi yao ilipata Tuzo ya Ikweta. Mwanachama wa kamati ya ufuo, ile BMU ya Sindo, Litare au Sori, atakutana hapo na watu wanaofanya kazi ileile kwenye maji mengine.

Ng'ambo ya mpaka kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya mwaka 1995, Mnemba kule Unguja, na miamba ya Pemba inayoshuka wima kwenye maji marefu, ambayo ni ya wazoefu.

Mbizi hatua kwa hatua

Kabla ya kuingia, wenza wawili hukaguana: jaketi linajaa na kutoa hewa, mkanda wa risasi unafunguka kwa mkono mmoja, vifungo vimefungwa, mtungi umefunguliwa wote, na kila mmoja anapumua mara kadhaa kwenye regyuleta huku akiitazama geji. Sindano ikicheza kwa kila pumzi, mtungi haujafunguliwa vizuri.

Ishara hurudiwa botini. Kidole gumba na cha shahada vikifanya duara ni sawa. Kiganja kinachotikiswa ni kuna tatizo. Mkono unaokata shingoni ni hewa imeisha. Gumba lililoinuliwa, ambalo nchi kavu husema mambo ni mazuri, majini husema tupande juu. Wanafunzi wengi hukosea hapo siku ya kwanza na kujikuta wakipandishwa mbizi ikiwa bado mbichi.

Kushuka huanza kwa miguu kutangulia, kwa kamba ya nanga ikiwezekana, masikio yakisawazishwa njiani. Karibu na chini mzamiaji hutia hewa kidogo kwenye jaketi hadi asizame wala asipande. Hali hiyo ndiyo ufundi wenyewe wa kuzamia. Aliyeipata hulala kifudifudi, mita moja juu ya mwamba, mikono imekunjwa kifuani; akivuta pumzi huinuka kiasi cha shubiri, akitoa hushuka kiasi hichohicho. Asiyeipata hupiga mateke, hutimua mchanga, huumaliza mtungi nusu saa kabla ya wenzake, na pezi lake huvunja kwa sekunde moja tawi lililochukua miaka kurefuka.

Mbizi huanzia sehemu ya kina kirefu na kumalizikia kwenye kina kifupi, na huanza dhidi ya mkondo ili kurudi kuwe kwepesi. Geji hutazamwa kila dakika chache. Ikifika baa 100 kiongozi huarifiwa. Ikikaribia 70 safari ya kupanda huanza. Baada ya kusimama mita 5 kwa dakika 3, mtu hupanda akitazama juu, mkono mmoja umeinuliwa, akisikiliza injini za boti.

Adabu ya mwambani

Mwamba haushikwi, haukanyagwi wala haukaliwi. Kombe, viti vya pweza na vipande vya matumbawe haviokotwi hata vikiwa vimekufa; ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na nje yake ni kuwanyima kaa na samaki makazi. Samaki hawalishwi mkate. Kasa hafukuzwi, kwani hupumua hewa kama binadamu na hulazimika kupanda juu kuivuta. Geji na mirija hufungwa karibu na mwili ili isiburute. Badala ya kujipaka mafuta mengi ya kukinga jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe, ni afadhali kuvaa nguo ya mikono mirefu.

Dharura

Aliyeishiwa hewa humwendea mwenza, hutoa ishara, hupokea mdomo wa akiba, na wawili hupanda pamoja wakiwa wameshikana. Aliyempoteza mwenza humtafuta kwa dakika moja, kisha hupanda kwa utaratibu na kukutana naye juu.

Ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni huonekana zaidi ndani ya saa 24: maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, udhaifu wa miguu, kizunguzungu, vipele, au uchovu usio na sababu. Mgonjwa hulazwa, hupewa oksijeni safi, na hupelekwa kwenye chumba cha tiba ya shinikizo. Harudishwi majini. Hatari kubwa kwa mtu wa ziwani ni kwamba dalili zinaweza kumkuta ndani ya basi, Narok au Kisii, akadhani ni malaria au uchovu wa safari. Sentensi moja ya kumwambia mhudumu wa afya, hata kabla ya kuulizwa, ni kwamba alizamia kwa mtungi, siku gani na kina gani. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, hutoa ushauri wa kitabibu kwa simu, na namba yake ya dharura huandikwa kabla ya safari.

Kurudi nyumbani

Naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya mbizi haina madhara mtu akiwa usawa wa bahari. Akipanda juu, hewa inayomzunguka hupungua shinikizo na mapovu yanaweza kutokea. Ushauri wa DAN ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja kabla ya kupanda ndege, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku nyingi. Wengi hurahisisha kwa kungoja siku nzima.

Kwa mkazi wa Homa Bay na Migori ushauri huo unahusu pia treni na basi, kwa kuwa mwili haujali chombo, unajali mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Barabara za Limuru na Mau hupita mita 2,000. Ziwa lenyewe liko mita 1,134. Anayetoka majini Diani saa sita mchana na kupanda treni siku hiyohiyo katika kituo cha Miritini, Mombasa, hufika Nairobi usiku uleule, mwili ukiwa bado haujamaliza kutoa naitrojeni.

Ratiba salama ni rahisi. Mbizi ya mwisho ikiisha Jumamosi saa tano asubuhi, saa 18 hutimia Jumapili saa kumi na moja alfajiri, na safari inaweza kuanza asubuhi hiyo. Muda wa kungoja una matumizi mazuri usawa wa bahari: kuta za Ngome ya Yesu, iliyojengwa kuanzia 1593, na magofu ya Gede, yote yamejengwa kwa matumbawe. Aliyeyaona yakiwa hai jana huyasoma mawe hayo kwa jicho jingine.

Kuzamia ziwani kwa cheti cha baharini

Majedwali ya kuzamia yametungwa kwa usawa wa bahari. Kuanzia mwinuko wa mita 300 huhitaji marekebisho, na ziwa liko juu zaidi ya mara tatu ya hapo: muda wa kukaa chini hupungua, na kompyuta hurekebishwa kulingana na mwinuko. Risasi nazo hupunguzwa, kwa kuwa maji hayana chumvi. Zaidi ya hayo kuna nyavu zilizotelekezwa, giza na kichocho, ambacho aliyeingia majini hupimwa baada ya wiki kadhaa.

Boti inapopinduka ziwani, macho ya ufuo mzima humgeukia yeyote anayejua kuzama. Mwenye cheti cha burudani asiingie kutafuta miili peke yake: kazi hiyo ina mafunzo yake, kamba zake na timu yake. Mchango anaoweza kuutoa mara moja ni kuwafundisha watoto wa ufuo wake kuogelea na kuelea, na kuwahimiza wavuvi wavae jaketi za kuokoa maisha kila wanaposukuma mtumbwi majini.